Niliita Mtoto, Ikaja Ndoo

Nimepanga chumba hatua chache kutoka Mtaa wa Swahili, hapa Kariakoo, na tangu nizaliwe sijawahi kukaa mahali ninapoambiwa mara nyingi hivi kwamba sijui Kiswahili.

Huanza alfajiri. Kwenye kibaraza cha nyumba jirani kuna mama anayekaanga vitafunwa vya chai. Siku ya kwanza nikamwomba mahamri manne. Akanifungia maandazi manne kwenye gazeti. Nikamwambia kwa adabu zangu zote: mama, haya si mahamri. Hamri lina iliki, lina tui la nazi, ukilipasua linatoa pumzi, na haliliwi bila mbaazi. Akanitazama kama mtu anayemtazama abiria aliyeibiwa nauli.

"Mwanangu, ndiyo hayo hayo. Nyie Wakenya Kiswahili kinawapiga chenga. Utazoea."

Nitazoea! Mimi, mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Mji wa malenga Muyaka bin Haji. Mji ambao Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alifika mwaka 1844, akakaa hapo na Rabai, na kamusi yake ya Kiswahili ilipochapishwa mwaka 1882 ilikuwa imejaa maneno ya Kimvita, lahaja yetu, maneno ambayo leo nikiyatamka mbele ya mkaanga maandazi napewa pole.

Na nina kinyongo kikongwe kuliko mimi. Mwaka 1928 wakubwa wa lugha wa makoloni haya walifanya mkutano wa kuchagua lahaja moja ya kusanifisha. Walikutana wapi? Kwetu, Mombasa. Naamini walikunywa kahawa yetu na kula halua yetu. Kisha wakapangusa midomo, wakachagua Kiunguja. Nyanya yangu alikuwa hajazaliwa, lakini akilisimulia jambo hili utadhani alikuwa mlangoni anawapokea viatu. (Na hili la "nyanya yangu" nalo hapa silisemi ovyo tena. Nililisema siku moja sokoni, nikaulizwa ni ya kupikia au ya kachumbari.)

Nilikujaje? Nilimaliza ualimu, nikasubiri ajira kwetu, nikasubiri tena, hata jirani wakaacha kuuliza. Rafiki akaniambia kuna shule ya msingi Dar es Salaam inataka mwalimu wa kujitolea wa Hisabati na Kiingereza. Nikapanda basi la Lunga Lunga. Pale mpakani Horohoro nikabadilisha fedha: shilingi moja yetu huku ilikuwa karibu 20, kwa hiyo elfu hamsini zangu za kubangaiza zikageuka karibu milioni. Nilifika Tanga nikiwa nimekaa kitini kwa namna nyingine kabisa.

Umilionea wangu ulidumu siku tatu. Chumba ni laki moja na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba wa Dar hapokei mwezi mmoja, anapokea sita kwa mpigo. Hiyo ni laki tisa. Dalali, aliyefanya kazi ya kuninyooshea kidole mlango, naye anadai kodi ya mwezi mmoja. Piga hesabu mwenyewe, mimi ndiye mwalimu wake: milioni ilipungukiwa elfu hamsini kabla sijanunua godoro.

Mama mwenye nyumba ni mtu mwema, ila hakuielewa kazi yangu.

"Kwa hiyo unafundisha bure, baba?"

"Najitolea, mama. Wananipa nauli."

"Nauli ya wapi? Si unakwenda kwa miguu?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile nikiwa bafuni uani nilimsikia akiwaeleza wapangaji wengine kwamba yule Mkenya wa chumba cha mwisho ni kijana mpole, anasali, lakini kuna kitu amekikimbia kwao.

Sasa, mji huu si kwamba haujui kumpokea mtu wa kujitolea. Unajua sana. Wamarekani wa Peace Corps walianza kuja tangu 1961, Tanganyika ikiwa miongoni mwa nchi zao za kwanza kabisa. Wajerumani nao, serikali yao ilipoanzisha mpango wake wa weltwärts mwaka 2008, wamekuwa wakileta vijana wao waliomaliza shule. Shuleni kwetu tunaye mmoja, dada wa miaka kumi na tisa, tuliripoti wiki moja. Alipopita kwa mama ntilie akasema, "Mimi nataka kula wali," mama aliacha mwiko sufuriani akapiga makofi. Wateja wakapiga makofi. "Anajua Kiswahili huyu!" Akaongezewa maharage. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nikasema, "Nami nipatie wali wa samaki, na ukoko kama upo." Mtu mmoja akauliza kwa sauti: "Huyu Mkenya, eeh? Wanavyokata maneno!" Samaki wangu alikuwa mkia.

Dada wa Kijerumani husema "kitabu yangu", na kila mtu hutabasamu kama amemwona mtoto akisimama dede. Hapo hapo mwalimu wa zamu hunigeukia mimi: "Sisi tunasema 'unaenda wapi', mwalimu, hatusemi 'waenda wapi'." Yeye akijitolea, ana moyo. Mimi nikijitolea, nimekosa kazi. Ya pili ni kweli, lakini haikupasa kusemwa ofisini mbele ya watu wanaokula mihogo.

Simlaumu dada wa watu. Ameniazima chaja yake mara mbili.

Nije darasani. Huko kwetu Hisabati husomeshwa kwa Kiingereza. Hapa shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili tupu, na Kiswahili chenyewe cha hesabu hakikupita Kibokoni. Namba shufwa, namba witiri, sawa, hizo zina harufu ya msikitini, nilizikumbuka. KDS na KKS nikadhani ni vyama vya akiba na mikopo. Kumbe ni Kigawe Kidogo cha Shirika na Kigawo Kikubwa cha Shirika, navyo havikopeshi mtu. Lakini namba tasa! Niliposikia mara ya kwanza niliionea huruma. Usiku nikaifikiria, nikaona aliyeibuni alikuwa na akili: namba isiyogawanyika ila kwa yenyewe na kwa moja, haizai, imekaa peke yake chumbani kama mimi.

Basi siku ya namba tasa ndiyo iliyoniharibia jina.

Darasa la tano, watoto tisini na kitu, wanne wanne kwenye dawati la watu wawili, wengine kwenye dirisha. Nimeandika ubaoni namba 1 hadi 50. Nataka mtoto aje azungushie zile tasa. Nikamwona kiranja wa darasa nyuma kabisa, kijana mtiifu ambaye ukimwambia asipumue utalazimika kumkumbusha baadaye kwamba ameruhusiwa.

Hapa msomaji wa Dar anisamehe nimweleze jambo. Kwetu njaa ni ndaa. Njia ni ndia. Nje ni nde. Mdomo wangu huwa sanifu muda wote nikiwa nimetulia, lakini nikitaharuki hurudi Mombasa wenyewe, hauniagi. Na siku ile nilikuwa nimeshataharuki, maana chaki zimeniishia, jua limegonga bati, na mtu anapiga honi ya mwendokasi kama amekufa juu yake.

"Wewe!" nikapaza sauti. "Ndoo hapa mbele!"

Kiranja akainuka. Badala ya kuja mbele, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Nikajua amebanwa haja. Nikangoja. Darasa zima likangoja.

Akarudi na ndoo.

Ndoo ya bluu ya lita ishirini, mpini umefungwa kwa waya, ubavuni imeandikwa OFISI YA WALIMU kwa rangi nyeupe iliyochuruzika. Aliibeba kwa mikono miwili, akapita nayo katikati ya madawati kwa heshima kama anayebeba kombe, akaiweka chini ya ubao, akasimama kando yake mikono nyuma.

"Hii hapa, mwalimu."

Watoto tisini na kitu waliangua kicheko hata wa darasa la nne wakaja kuchungulia dirishani. Nikataharuki zaidi. Na mtu wa Mvita akifika daraja hiyo ya taharuki, mchele huwa mtele, mchana huwa mtana, na kucheka, Mungu anisitiri, huwa kuteka.

"Mnateka nini?" nikafoka. "Nasema, mnateka nini?"

Kimya. Wakatazamana. Kisha binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha kidole, akanijibu taratibu, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mgonjwa:

"Maji, mwalimu."

Sikumaliza kipindi. Baadaye Mwalimu Mkuu akaniita, akafunga mlango. "Mwalimu," akasema, "nimesikia umewauliza watoto wanateka nini. Najua hukuwa na nia mbaya. Lakini neno lile, kwa siku hizi, tuliache kwenye maji tu."

Tangu hapo, mitaa yote kutoka Msimbazi hadi Lumumba, nikipita na shati langu la chaki, watoto hujificha nyuma ya meza za machinga wakiita: "Mwalimu Ndoo! Shikamoo!" Nami nafanyaje? Shikamoo haikataliki. Nasema marahaba.

Mama yangu alipopiga simu akataka leso za Dar, maana zasifika, nilishukuru kupata kazi ya mtu mzima. Nikashika njia hadi Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya vitambaa, nikaingia duka lililojaa hadi darini.

"Naomba leso, doti mbili."

"Doti?" kijana akashangaa. "Leso tunauza kwa dazeni, kaka." Akanimwagia mezani vitambaa vya kupangusia jasho: vya miraba miraba, vyeupe vya bwana harusi, na kimoja chenye ua kwenye pembe.

"Si hizi. Nataka za kuvaa."

"Za kuvaa wapi?"

"Za mama yangu. Moja ajifunge kiunoni, moja ajitande kichwani."

Kijana akakinyanyua kile chenye ua, akakikunjua, akakitazama. Kisha akanitazama mimi. Nilimwona anapima.

"Kaka, samahani. Kwani mama ana mwili wa namna gani?"

Tajiri mwenyewe akatokea nyuma ya majora. "We, huyo Mkenya, anataka kanga. Mpe kanga." Na kwa kuwa sasa ilikuwa imethibitika kwamba mimi ni mgeni, bei ikapanda elfu mbili pale pale. Hapo ndipo ugeni wangu hutambuliwa bila ubishi: kwenye bei.

Nilirudi nyumbani nikaapa kutafuta ushahidi wa kumshinda kijana yule. Nikasoma. Nikakuta kwamba leso ni neno tuliloachiwa na Wareno, na kwao lilikuwa kitambaa kidogo cha mkononi. Kwamba wanawake wa pwani katika karne ya 19 walikuwa wakinunua leso hizo kwa jora, wakizishona sita sita zikawa nguo moja ya kujifunga, na hapo ndipo kanga ilipotokea. Kwa maneno mengine, kijana alikuwa sahihi kwa miaka mia na zaidi kunitangulia. Sikurudi kumwambia.

Jioni hukaa kijiweni, kwa muuza kahawa, kashata mkononi. Huko ndiko nilikodhani nitapata amani, maana wazee wa kahawa ni wale wale pwani nzima. Swali la kwanza halikuwa jina langu. Lilikuwa: "Simba au Yanga?" Simba wana makao yao Mtaa wa Msimbazi, Yanga wako Jangwani, nami chumba changu kimekaa baina yao kama Mswisi. Nikajibu kwamba mimi nashabikia Bandari ya Mombasa.

"Hiyo timu," mzee mmoja akauliza, "au forodha?"

Likafuata la bandari zenyewe. Mzee huyo alifanya kazi ya kupakua meli hapa Dar es Salaam ujanani, na ana hesabu yake ya mizigo ya Uganda na ya Kongo ambayo Mombasa "imewaibia". Hunidai mimi. Kila jioni hunidai, kana kwamba ndimi nifungaye kamba za meli pale Kilindini, na nikitoka shuleni hukimbilia huko kubadilisha njia ya makontena. Jioni moja alinipeleka mbali zaidi, akanirudisha enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza: ilivyokufa 1977, mpaka ulivyofungwa hadi 1983, na jinsi siku zile Wakenya walivyoitwa manyang'au kwa kupenda mali. Nikamkumbusha kwamba Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999. Akasema anajua, ila neno ni zuri, litupwe la nini? Siku hizi ananikaribisha hivi: "Nyang'au wangu, kaa hapa. Kahawa yako nimelipa."

Pale kijiweni yupo pia kijana fundi simu ambaye amehifadhi kwenye simu yake ile orodha ya Julai 2025, serikali ilipowapiga wageni marufuku katika biashara 15: kuuza rejareja, uwakala wa fedha za simu, saluni, ufundi wa simu na nyinginezo. Ananipenda, lakini hupenda kuhakikisha. Aliisoma yote kwa sauti, moja hadi kumi na tano, kuona kama kufundisha Hisabati kumo.

"Hakumo," akasema.

"Hamna faida ndani yake," mzee akamweleza. "Nani aifungie?"

Kicheko. Kicheko cha kucheka, si cha kuteka.

Ilipofika wiki ya Siku ya Kiswahili Duniani, ile ya Julai 7 iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, nikajua sasa zamu yangu imefika. Tarehe hiyo inatokana na TANU kukifanya Kiswahili lugha ya kupigania uhuru mwaka 1954, na TANU yenyewe ilizaliwa hapa hapa Mtaa wa Lumumba. Nikaandaa hotuba ya kurasa sita: Muyaka ndani, Krapf ndani, 1928 ndani kwa uchungu wake wote. Kamati ya walimu ikakaa. Ikaamua hotuba aitoe dada wa Kijerumani, kwa kuwa itawatia wanafunzi moyo. Mimi nikapangiwa viti.

Alisema sentensi nne. Ya tatu ilikuwa, "Kiswahili ni tamu sana." Makofi yalichukua muda mrefu kuliko hotuba. Mzazi mmoja alifuta machozi. Mimi nilikuwa nahesabu viti vya kuazima, vimepungua viwili.

Mwisho wa mwezi mwaka wake ukaisha, akawa anarudi kwao. Ikapitishwa karatasi ya mchango wa kumuaga. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa, na mbele yake elfu kumi. Nikatoa, nauli ya wiki mbili ya mtu anayekwenda kwa miguu. Kisha Mwalimu Mkuu akasema zawadi iwe kanga, na akaichague Mwalimu Mkenya, maana yeye ni mtoto wa pwani, mambo haya anayajua.

Nikarudi Mtaa wa Uhuru, duka lile lile. Nilikuwa nimejizoeza njia nzima. "Naomba kanga," nikasema. Kijana akanikumbuka. "Karibu kaka. Leso hazijambo?" Nikachagua ya rangi ya zambarau yenye jina la heshima linalomfaa mgeni: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Elfu mbili waliiongeza kama kawaida.

Siku ya kuaga, shule nzima ilisimama paredi. Dada akasema atatukumbuka sote, akakosea ngeli tatu, akapigiwa makofi mara tatu. Sasa Mwalimu Mkuu, bila kunitahadharisha, akanigeukia: "Mwalimu, hebu ikunjue hiyo kanga, uwasomee watoto jina lake kwa sauti, kwa lafudhi ile ya pwani hasa."

Macho ya watoto elfu na zaidi. Jua la saa sita. Upepo wa bahari umeikamata kanga, inanipiga usoni. Nikaipata pindo, nikavuta pumzi.

"Mgeni ndoo..."

Nilijikata hapo hapo, lakini nilikuwa nimechelewa. Kule nyuma kabisa ya mstari wa darasa la tano mtu mmoja alikuwa ameshachomoka, na nilipoishusha kanga usoni, kiranja alikuwa anaukaribia mlango wa ofisi ya walimu.